Kufundisha kusikiliza bila kugeuza kila kipindi kuwa mtihani

Muulize mtu, "Kifaransa unakisikia?" Atakujibu, "Nakisikia kidogo, kukisema ndiyo kazi." Hakuna kati yenu aliyekuwa akizungumzia masikio. Kwa Kiswahili kuisikia lugha ni kuielewa, na usemi huo una busara ambayo tukiingia darasani tunaisahau. Tunabonyeza kitufe, sauti inatoka, wanafunzi wameinamia karatasi, kisha tunauliza maswali matano. Aliyepata manne anapewa vema. Aliyepata moja anaambiwa asikilize kwa makini. Halafu tunafungua ukurasa unaofuata.

Yule wa swali moja ametoka kama alivyoingia, isipokuwa sasa ana alama mbaya. Amepimwa, hajafundishwa. John Field, mtaalamu wa Uingereza, ameandika kwa miaka mingi juu ya kasoro hii, na rai yake ni kwamba jibu lililokosewa litumike kuchunguza mwanafunzi alikwama wapi. Hatua zifuatazo zinaanzia hapo. Zinafaa lugha yoyote. Mifano nimeichukua kwenye Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa kwa kuwa ndizo lugha ambazo wengi wetu tunazifundisha au tumefundishwa.

Hatua ya kwanza: tafuta sikio linajikwaa wapi

Kabla ya kitabu, fanya kipimo kidogo kisicho na alama. Chukua rekodi ya dakika mbili hivi ya mtu anayezungumza kwa kawaida yake. Wanafunzi wasikilize, kalamu mkononi. Mara nne au tano, bila kuwaonya, simamisha sauti na uwaambie waandike maneno manne au matano ya mwisho waliyoyasikia. Asiyeshika neno aandike hata mlio tu, uwe na maana au usiwe nayo. Kusanya karatasi.

Usizisahihishe, zisome. Utaona makosa yanajipanga kwa makundi, na kila kundi lina dawa yake.

Kuna makosa ya sauti zenyewe. Mwanafunzi wa Kiswahili anaandika "fua" palipokuwa na "vua", au "kula" palipokuwa na "kura". Mswahili anayejifunza Kiingereza anaandika "ship" badala ya "sheep", kwa sababu lugha yake ina irabu tano na sikio lake linazitia zile mbili kwenye kapu moja la "i". Usimwite mvivu. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walionyesha kwamba watoto wa miezi sita hadi minane wanaolelewa katika Kiingereza hutofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wa lugha yao hushindwa kuzitofautisha, na kwamba wakikaribia kutimiza mwaka uwezo huo huwa umefifia sana. Sikio la mwanafunzi wako lilishachagua zamani lipi la kulijali na lipi la kulipuuza. Linaweza kufundishwa upya, ila halifundishiki kwa kukaripiwa.

Kundi la pili ni la mipaka ya maneno, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wanafunzi wengi wanapozama. Kwenye karatasi kuna nafasi kati ya neno na neno. Kwenye mazungumzo hakuna. Mtu aliyesoma "nitakuambia" na "nimeshamaliza" mwaka mzima anakutana na "ntakwambia" na "nshamaliza", anadhani ni maneno mapya. Kwa Kifaransa "ils ont" na "ils sont", yaani "wana" na "wao ni", zinatofautishwa na "z" na "s" tu katikati. Kwa Kiingereza "an aim" na "a name" zinaweza kusikika sawasawa. Mwanafunzi anakuja kulalamika, "Hawa wanaongea haraka mno." Mara nyingi shida haiko kwenye mwendo. Shida ni kwamba hajui neno moja limeishia wapi.

Tena kila lugha ina alama zake za kuonyesha mipaka, na mwanafunzi huja na alama za kwao. Kwa Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ukiusikia unajua imebaki silabi moja neno liishe. Kwa Kiingereza ni karibu kinyume: Anne Cutler na wenzake walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba idadi kubwa ya maneno yenye maana kamili huanza na silabi nzito, yaani inayotamkwa kwa nguvu, na kwamba wasikilizaji wa Kiingereza hulitumia hilo kukata msururu wa sauti. Hebu fikiria anayesikiliza Kiingereza kwa sikio la Kiswahili: anaposikia silabi nzito anajiandaa neno kuisha, kumbe ndiyo kwanza linaanza. Jambo hili linaelezeka ubaoni kwa dakika tatu, na sijawahi kuona darasa lisiloshangaa.

Kundi la tatu ni vitu vidogo. Mwanafunzi wa Kiswahili anasikia "aliona" badala ya "alimwona", na yule aliyeonwa anapotea. Wa Kiingereza anasikia "walk to" badala ya "walked to", wakati uliopita unapotea. Viambishi na maneno ya sarufi hutamkwa kwa unyonge, na kwa kuwa ujumbe mkuu huwa umebebwa na maneno makubwa, mwanafunzi anazoea kuishi bila hivyo. Siku jambo zima linapotegemea "hawa" au "hapo", anaambulia patupu.

Kundi la nne ni msamiati asioujua kabisa. Hilo si tatizo la kusikiliza, na mazoezi ya sikio hayatalitatua.

La tano ni la aliyeyashika maneno yote akakosa maana. Kumbukumbu ya muda mfupi ya sauti, kwa kielelezo kilichoanzishwa na Alan Baddeley na Graham Hitch mwaka 1974, hushika kiasi cha sekunde mbili za maneno tu kabla hayajaanza kufutika. Anayetumia sekunde hizo zote kulitambua neno la tatu hana nafasi ya kuliunganisha na la kwanza. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kukurudia sentensi neno kwa neno, umuulize imesema nini, akabaki anakutazama.

Na la mwisho ni ubunifu. Ameshika maneno mawili, "daktari" na "jana", akajitungia kisa kizima cha ugonjwa, na kila kinachofuata anakilazimisha kiingie kwenye kisa hicho. Wanafunzi wachangamfu ndio walioathirika zaidi, nao hutudanganya kwa sababu mara nyingine kisa chao kinalingana na ukweli.

Hesabu. Darasa lako lina makosa ya kundi gani kwa wingi? Jibu hilo ndilo mpango wako wa kazi wa miezi miwili.

Hatua ya pili: chagua cha kusikilizwa

Kipimo cha kwanza ni msamiati. Hilda van Zeeland na Norbert Schmitt waliona mwaka 2013 kwamba kwa masimulizi ya kawaida, kujua asilimia 95 ya maneno kunatosha kuelewa vizuri. Kwa hiyo pitia nakala ya maandishi: katika kila maneno 100, mageni yasizidi matano. Yakizidi, umechagua zoezi la kukatisha tamaa.

Cha pili ni asili ya maneno yenyewe. Makala ya gazeti inayosomwa kwa sauti ni maandishi yaliyovaa sauti. Sentensi zake ni ndefu, zimebanwa, hazirudii jambo. Mtu anayezungumza husita, hurudia, hujisahihisha, husema "yaani" na "sasa", na hayo yote humpa msikilizaji pumzi. Mwalimu anayeogopa mazungumzo halisi kwa kudhani ni magumu, akakimbilia taarifa iliyosomwa vizuri, mara nyingi amekimbia mvua akaingia mtoni.

Kuhusu kasi watu wanabishana. Sauti ya Amerika ilianza mwaka 1959 vipindi vya Kiingereza maalumu kwa wanaojifunza, vilivyokuwa na msamiati wa maneno 1,500 hivi na kusomwa kwa mwendo ulio chini ya ule wa kawaida kwa takriban theluthi moja. Redio ya kimataifa ya Ufaransa, RFI, ina taarifa ya habari kwa Kifaransa chepesi, na Deutsche Welle ina ya Kijerumani inayosomwa polepole. Ni vitu vizuri kwa anayeanza. Ila fahamu kwamba kupunguza kasi kwenye simu hakurudishi sauti iliyomezwa. "Ntakwambia" ukiichezesha kwa nusu ya mwendo inabaki "ntakwambia", imevutika tu. Ile "i" haipo, na haitatokea. Mimi napendelea kuacha mwendo wa kawaida na kuongeza vituo: sentensi moja, simama sekunde tatu, sentensi nyingine. Sikio linazoea lugha ilivyo, na akili inapata nafasi ya kupanga.

Urefu: dakika moja hadi mbili kwa kazi ya darasani. Zaidi ya hapo hutaweza kurudia vya kutosha, na kurudia ndiko kunakofundisha.

Hatua ya tatu: kabla ya kusikiliza, usimalize utamu

Tenga dakika tano, si zaidi. Nimeona vipindi ambavyo robo tatu ya muda imeliwa na maandalizi: picha, mjadala, orodha ya maneno ishirini, hadi sauti inapoanza hakuna kilichobaki cha kugundua. Mwanafunzi akishajua kisa chote anahitaji masikio ya nini?

Fanya mambo matatu tu. Andika ubaoni majina yote ya watu na mahali yatakayotajwa, kwa sababu mwanafunzi akikutana na jina geni anapoteza sekunde zake akilichambua kana kwamba ni kitenzi. Fundisha maneno matatu au manne ambayo bila hayo kisa hakisimami. Mengine waache wayakisie. Kisha waambie nani anaongea na nani, na kwa nini. Kwenye maisha hatusikilizi bila kujua hilo. Anayepokea simu anajua kama ni mama yake au ni ofisini, na tayari ana nusu ya mazungumzo kichwani.

Maswali yatangulie sauti. Kuuliza baada ya kusikiliza "yule mwanamke alivaa nini?" ni kupima kumbukumbu. Na ujibu kwanza maswali yako mwenyewe bila kusikiliza rekodi. Wakati mmoja niliandaa maswali manane, nikampa mwenzangu ambaye hakuwa amesikia chochote. Alipata sita kwa kukisia. Zoezi lote lilikuwa linapima akili ya kawaida.

Hatua ya nne: sikilizeni mara tatu, kila mara kwa kazi yake

Mara ya kwanza ni ya kukamata jambo lenyewe: nini kinaendelea, watu hawa wako katika hali gani, wamekubaliana au wamekosana? Kalamu chini. Wanaoandika wakati huu hupotelea kwenye neno moja huku sentensi tatu zinawapita.

Kabla ya mara ya pili waweke wawiliwawili walinganishe walichoambulia. Hapa pana faida usiyoitarajia: wanabishana. Mmoja anasema amekubali kuja, mwingine anasema amekataa, na sasa wana hamu ya kweli ya kusikiliza tena. Hakuna swali la mwalimu linaloleta hamu hiyo.

Mara ya pili ni ya kutafuta ushahidi wa ubishi wao, na ya tatu ni ya kuhakiki. Larry Vandergrift wa Kanada aliutetea mzunguko wa namna hii: kubashiri, kusikiliza, kulinganisha na mwenzio, kusikiliza tena, kisha kutafakari ulivyofanya. Katika utafiti alioutoa mwaka 2010 pamoja na Marzieh Tafaghodtari, wanafunzi wa Kifaransa walioongozwa kwa mzunguko huo waliwapita wenzao waliosikiliza matini zilezile bila mzunguko, na walionufaika zaidi walikuwa wale waliokuwa dhaifu mwanzoni. Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu sisi walimu hudhani mikakati ni ya wanafunzi hodari.

Mwanafunzi akiomba nakala ya maandishi mapema, mnyime. Akishaiona, sikio linastaafu.

Hatua ya tano: rudini pale palipovunjika

Hiki ndicho kiini cha somo. Kama una dakika arobaini, toa angalau kumi na tano hapa, hata kama itabidi uache maswali mengine.

Tuseme darasa la Kiswahili limesikiliza watu wawili wakipanga safari, na nusu ya darasa inadai mmoja wao "hajaja". Usiseme "hapana, sikilizeni vizuri". Tafuta sekunde ile, ichezeshe peke yake. Waulize wamesikia nini, na uandike ubaoni kila jibu, hata la ajabu: "hajaja", "ashakuja", "haja kuja". Chezesha tena. Uliza: "Mnasikia maneno mangapi?" Chezesha tena. "Sauti ya kwanza ni 'h' au ni 'a'?" Mtu wa nyuma anasema hakuna "h". Sasa chezesha sentensi nzima, kwa sababu inayofuata inasema "yuko nje". Hapo "hajaja" inaanguka yenyewe. Imebaki "ashakuja". Ndipo unapoandika "ameshakuja" ubaoni, unapiga mstari chini ya "m" na "e", na kuwaonyesha kwamba watu huvimeza. Mwisho waseme wenyewe kwa kasi, mara tano: "ashakuja, ashakuja." Kinywa kikishazoea kumeza, sikio halishangai tena.

Tazama tulichofanya. Tulitumia sauti, tukatumia mipaka, tukatumia mazingira ya kisa kuhakiki dhana, tukamalizia kwa kutamka. Mwanafunzi hakupewa jibu, alionyeshwa njia ya kulifikia. Na ile "ashakuja" haitamsumbua tena, wala "ashafika" na "ashalala".

Ndipo sasa mpe nakala. Asikilize mara ya mwisho huku anafuata kwa macho, akizungushia duara kila mahali ambapo neno analolijua kwenye karatasi hakulitambua kwa sikio. Duara hizo zina thamani kuliko alama zote za kipindi.

Hatua ya sita: mazoezi mafupi ya kila siku

Dakika tano mwanzoni mwa kila kipindi zinashinda saa moja kila Ijumaa. Badilisha mazoezi kulingana na kundi la makosa lililotawala.

Kwa matatizo ya sauti, tumia jozi zinazotofautiana kwa sauti moja: "faa" na "vaa", "pata" na "bata", "live" na "leave". Unatamka, wanafunzi wanainua kidole kimoja au viwili. Siri yake ni kubadilisha sauti za watu. Mwaka 1991 John Logan, Scott Lively na David Pisoni waliwafundisha wazungumzaji wa Kijapani kutofautisha "r" na "l" za Kiingereza kwa kutumia rekodi za wasemaji mbalimbali, wakafanikiwa. Anayefunzwa kwa sauti moja tu huishia kumzoea mwalimu wake. Rekodi wenzako watano kwenye simu, wanaume kwa wanawake, na una vifaa vya muhula mzima.

Kwa mipaka, soma sentensi kwa mwendo wa kawaida na uulize ina maneno mangapi. Ni zoezi la kitoto na watu wazima hulipenda. Fuatisha na imla ndogo, sentensi tatu tu, iliyotamkwa kama watu wanavyosema. Ile imla tuliyoizoea, ya mwalimu kutamka "ni-ta-ku-a-mbi-a" silabi kwa silabi, inafundisha tahajia. Haifundishi kusikiliza.

Kwa wale ambao maneno wanayashika na maana inawaponyoka, kuna imla ya kujenga upya. Soma aya fupi mara mbili kwa mwendo wa kawaida. Mara ya kwanza wanasikiliza tu. Ya pili wananukuu maneno muhimu. Kisha kwa makundi ya watatu wanaiandika upya aya, si lazima kwa maneno yaleyale ila kwa maana ileile na sarufi iliyo sawa. Mtasikia ubishi juu ya "alimwona" na "aliona", na ubishi huo unavirudisha vile vitu vidogo mahali pake.

Wabunifu wape zoezi la kubashiri kwa kituo: simamisha sauti, waandike dhana yao, endelea, kisha waulize neno gani limeithibitisha au kuivunja. Wajifunze kuacha dhana. Hilo linachukua muda, na wengine wataona aibu. Waambie tu kwamba hata katika lugha mama tunasikia vibaya kila siku, ila tunajisahihisha upesi.

Hatua ya saba: msikilizaji ana haki ya kumsimamisha msemaji

Rekodi haijibu, ila watu wanajibu. Kusikiliza kwingi maishani ni kwa ana kwa ana, na mwanafunzi asiyefunzwa kukatiza kwa adabu ataitikia "ndiyo, ndiyo" hadi aingie matatani.

Fundisha misemo, na uidai kila siku. "Samahani, sijakupata" ni mwanzo tu, kwani msemaji atarudia yote kwa sauti kubwa zaidi na wala si kwa uwazi zaidi. Bora ni kubainisha: "Umesema saa ngapi?" "Nimesikia nani, ila sijasikia wapi." "Una maana kwamba nisije?" Fanyeni zoezi la wawiliwawili ambapo msemaji anapewa maelezo yenye pengo makusudi, na msikilizaji hawezi kumaliza kazi bila kuuliza mara tatu.

Na uso uonekane. Harry McGurk na John MacDonald walionyesha mwaka 1976 kwamba ukitazama midomo ikitamka "ga" huku sauti inayotoka ni "ba", wengi husikia "da". Macho yanashiriki kusikia. Kwa hiyo mwalimu anayetoa maelekezo akiwa ameugeukia ubao anawanyima wanafunzi nusu ya ujumbe, na anayeanza na rekodi ya sauti tupu kabla ya video ameanza na kilicho kigumu.

Vikwazo vya vifaa na vya watu

Spika mbovu huua somo kuliko matini ngumu. Jaribu ukiwa umesimama mstari wa mwisho, darasa likiwa na watu, si ukiwa peke yako karibu na meza. Kama huna spika au umeme umekatika, sauti yako inatosha, kwa sharti moja: zungumza, usisome. Simulia kisa kwa vidokezo vichache, ukisita na kujirudia kama kawaida yako. Unaweza pia kurudia kisa hicho mara tatu, na kila mara kitakuwa tofauti kidogo, jambo ambalo rekodi hailiwezi.

Darasa la watu sitini halizuii lolote katika hatua hizi ila kusoma karatasi zote. Soma kumi, zilizochaguliwa bila kupanga. Makundi ya makosa yatajitokeza vilevile.

Mwenye hofu hugandana. Anakosa neno moja, analing'ang'ania, na wakati huo sentensi mbili zimempita. Mfanyishe zoezi la kuacha: mpe rekodi ambayo umeifunika kwa kelele sehemu mbili, umwambie mapema kwamba hatasikia kila kitu na kwamba hahitaji. Anapofika mwisho na jibu sahihi mkononi, uso wake hubadilika.

Na kuna yule unayedhani hajitahidi, kumbe hasikii vizuri kwa maana halisi. Dalili zake: anatazama midomo mno, anageuza kichwa upande mmoja, anafanya vibaya hata katika lugha yake. Mweke mbele na uishauri familia apimwe. Mbinu zote zilizo hapo juu hazitamsaidia kabla ya hapo.

Hatua ya nane: kazi ya nyumbani na kupima maendeleo

Nyumbani agiza wingi na wepesi: vitu anavyovielewa bila shida, kila siku, hata dakika kumi. Kazi ngumu ibaki darasani uliko wewe. Akitazama filamu, maandishi chini ya skrini yawe ya lugha inayosemwa. Holger Mitterer na James McQueen walionyesha mwaka 2009 kwamba Waholanzi waliotazama vipindi vya Kiingereza chenye lafudhi ngeni walizoea lafudhi hiyo zaidi walipowekewa maandishi ya Kiingereza, ilhali maandishi ya Kiholanzi yalirudisha nyuma usikivu wao wa maneno ambayo hawakuwa wameyasikia kwenye vipindi hivyo. Tafsiri inasaidia kufurahia filamu. Kwa sikio ni kama gongo alilopewa mtu mwenye miguu mizima.

Baada ya wiki nane, rudia kile kipimo cha siku ya kwanza kwa rekodi nyingine ya kiwango kilekile. Weka karatasi mbili za kila mwanafunzi pamoja. Usihesabu makosa tu, tazama yamehama kutoka kundi gani kwenda lipi. Aliyekuwa akiandika milio isiyo na maana na sasa anakosea viambishi tu amesonga mbele sana, hata kama idadi ya makosa haijapungua. Mwonyeshe hizo karatasi mbili, mpangie zoezi la kundi alilopo sasa, kisha chagua rekodi ya wiki ijayo.